Ulevi na Maradhi ya Akili Njombe: Gharama Inalipwa na Nani?

Mkoa wa Njombe hauna shida ya chakula. Viazi mviringo vyake vinashushwa kila siku katika masoko ya Dar es Salaam, mahindi yake yanalisha mikoa mingine, chai ya Lupembe na Luponde inauzwa nje, na siku hizi parachichi zake zinafika hadi Ulaya. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Utafiti wa viashiria vya UKIMWI wa 2022/23 nao ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini, dhidi ya wastani wa taifa wa asilimia 4.4.

Takwimu hizo mbili zina vikao vyake, waratibu wake na mafungu yake ya bajeti. Lipo jambo la tatu linalopita katikati yake na kuzigusa zote mbili, nalo ni ulevi na maradhi ya akili. Jambo hili huzungumzwa kanisani kama dhambi, kwenye baraza la kata kama utovu wa nidhamu, na nyumbani kama balaa lililoangukia ukoo. Kama hasara ya uchumi, huzungumzwa mara chache sana.

Hoja ya makala haya ni kwamba gharama hiyo tayari inalipwa, tena kila siku. Wanaoilipa ni mke anayelima peke yake, mtoto anayekula mara moja kwa siku na mama anayemlinda kijana mgonjwa badala ya kwenda shambani. Kwa kuwa hawa hawaandikiwi risiti, hasara yao haimo katika hesabu za halmashauri wala za taifa. Kwa sababu hiyo tunaendelea kuamini kuwa matibabu na kinga ni ghali, wakati hali tuliyonayo ndiyo ghali zaidi.

Gharama inavyohesabiwa

Wachumi wa afya huigawa gharama ya maradhi haya katika mafungu matatu. La kwanza ni fedha zinazotoka mfukoni au serikalini kwa ajili ya tiba: dawa, nauli, kitanda, mshahara wa muuguzi. La pili ni tija inayopotea, kwa maana ya siku ambazo mtu hakufanya kazi, siku alizokwenda kazini na kufanya nusu ya kazi, na miaka ya uhai iliyokatika kabla ya wakati. La tatu ni mzigo unaowaangukia wengine, yaani walezi, majeruhi wa ajali, polisi, mahakama na magereza.

Jirani zetu wa Kenya walikwishakaa chini wakapiga hesabu. Tathmini waliyoitoa mwaka 2021 ilionyesha kuwa maradhi ya akili yaliigharimu nchi hiyo shilingi za Kenya bilioni 62.2 mwaka 2020, sawa na asilimia 0.6 ya pato la taifa. Kati ya fedha hizo, matumizi ya tiba yalikuwa bilioni 5.6 tu. Bilioni 56.6 zilizobaki zilikuwa kazi ambayo haikufanyika. Kwa maneno mengine, katika kila shilingi kumi za hasara, tisa hazikuonekana hospitalini. Zilipotea shambani, dukani na ofisini.

Uwiano huo unatosha kubadilisha namna ya kulitazama suala hili. Kiongozi anayepima tatizo kwa idadi ya wagonjwa waliolazwa anaona sehemu moja katika kumi. Duniani kote hali ni hiyohiyo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na wasiwasi peke yake hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, hasara inayofikia dola trilioni moja. Shirika hilo linakadiria pia kuwa pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019. Pamoja na hayo, serikali nyingi hutenga kwa afya ya akili takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya.

Msimu wa ulanzi ndio msimu wa jembe

Njombe ina pombe yake, na pombe hiyo ina msimu. Ulanzi hugemwa kwenye mwanzi mchanga. Mgema hukata ncha ya chipukizi, akaining'iniza mbeta, yaani chombo cha mwanzi, chini yake, kisha hurudi asubuhi na jioni kuchonga upya ile ncha ili utomvu usikauke. Ukinywewa siku hiyohiyo huitwa mtogwa: ni mtamu na mwepesi, na hata mtoto hupewa kikombe. Ukilala siku moja au mbili hugeuka mkangafu, na hapo unalewesha kwelikweli.

Mwanzi hutoa kwa wingi mvua zinaponyesha, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi hiyo ndiyo ya kupanda, kupalilia na kuweka mbolea. Kwa hiyo pombe huwa nyingi na rahisi wakati uleule ambao mkono wa kazi una thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mahindi yaliyochelewa kupaliliwa kwa wiki mbili hayasubiri mtu apate nafuu.

Tuweke mfano wa hesabu. Kaya ina watu wazima wawili. Mmoja wao anaondoka shambani mapema kwenda kilabuni na kupoteza saa tatu za kazi kwa siku, kwa siku 100 za msimu. Hizo ni saa 300. Tukichukua siku ya jembe kuwa ya saa sita, kaya imepoteza siku 50 za kazi kabla haijatumia shilingi hata moja. Sasa tuongeze fedha. Akitumia shilingi 2,000 kwa siku mwaka mzima, ulanzi ukiwa wa msimu, komoni, ile pombe ya nafaka, wakati wa kiangazi na bia mbili tatu akishauza viazi, mwaka unamalizika akiwa ametumia shilingi 730,000. Serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/23, mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea uliuzwa shilingi 70,000. Kaya hii imekunywa mifuko kumi ya mbolea.

Siku 50 zilizopotea hazibaki bila mtu wa kuzifidia. Mke ndiye anayezibeba. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, na mtoto mdogo anabaki na dada yake wa miaka minane. Uji wa asubuhi ndio mlo wa mpaka jioni; akilia sana, hunyweshwa mtogwa atulie. Udumavu una sababu nyingi: mlo wa wanga mtupu, maji yasiyo salama, maradhi ya mara kwa mara, mzigo wa kazi wa mama mjamzito. Itakuwa si haki kuutupia ulevi zote. Lakini ulevi unaongeza uzito katika kila moja ya sababu hizo, kwa kuwa unampokonya mama muda na unaipokonya kaya fedha za mayai, maharage na dagaa. Mtoto aliyedumaa husoma kwa shida na hupata kipato kidogo akiwa mkubwa, hivyo deni la kilabu la mwaka huu linarithiwa na kizazi kinachofuata.

Kwenye misitu hasara ina sura nyingine. Njombe inaishi kwa mbao pia, na sehemu kubwa ya mbao za wakulima wadogo huchanwa kwa zile mashine ndogo zinazoitwa dingdong. Msumeno wake uko wazi na unazunguka kwa kasi. Kibarua aliyekesha kilabuni akisukuma gogo asubuhi anaweza kupoteza vidole kwa kufumba na kufumbua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015, unamlinda aliyeajiriwa na kuchangiwa. Kibarua wa siku asiyesajiliwa hana fidia, na mkono wake uliokatika unakuwa gharama ya ndugu zake.

Makambako, njia panda

Mji wa Makambako umekua kwa sababu ya kupitiwa. Reli ya TAZARA ina stesheni hapo, barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita katikati ya mji, na ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Madereva wa malori ya Zambia na Kongo hulala hapo, wafanyabiashara wa mahindi na viazi hukutana hapo, na fedha taslimu hubadilisha mikono usiku na mchana. Baa na nyumba za wageni zinafuata fedha hizo.

Pombe na VVU vinakutana mahali pa namna hii kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana: aliyelewa huiacha kondomu mfukoni. Ya pili huzungumzwa kidogo, ingawa kiuchumi ni nzito zaidi. Mtu anayeishi na VVU akiwa mlevi huruka dozi na kukosa kliniki. Virusi vinaongezeka, vinaweza kuwa sugu kwa dawa za kwanza, na mgonjwa analazimika kuhamia dawa nyingine. Kwa muda mrefu fedha za dawa hizo zimetoka kwa sehemu kubwa kwa wafadhili, hasa Mfuko wa Dunia na mpango wa Marekani wa PEPFAR. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kila mratibu wa UKIMWI barani Afrika alitambua jinsi kapu la wafadhili linavyoweza kufungwa ghafla. Kila dozi inayorukwa kwa sababu ya pombe sasa ni fedha ambazo huenda tukatakiwa kuzilipa wenyewe.

Kuna pia ajali. Sheria ya Usalama Barabarani inakataza kuendesha chombo ukiwa na zaidi ya miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kwa dereva wa basi au lori, trafiki ana kipimo. Kwa bodaboda anayetoka kilabuni saa tano usiku kwenye njia ya vumbi, kipimo hakifiki, na gharama huanza kuhesabiwa wodini, kwenye mguu uliovunjika na pikipiki ya mkopo iliyosagika.

Kaya yenye mgonjwa

Maradhi ya akili hula uchumi wa familia kwa utaratibu unaofahamika na kila mtu vijijini. Tuchukue kijana wa miaka 22 wa kijiji chochote cha Wanging'ombe au Ludewa. Anaanza kujitenga, halali, anasikia sauti, anawatuhumu ndugu. Familia inakwenda kwanza kwa mganga. Mbuzi wanauzwa, kisha ng'ombe. Hali isipotulia, linauzwa shamba la misindano.

Hapo ndipo pa kutazama kwa karibu. Njombe, miti ndiyo benki ya familia: mtu hupanda misindano mtoto akizaliwa ili ije imsomeshe. Msindano ukiachwa miaka kumi na mitano au zaidi unatoa mbao nene zenye bei. Ukiuzwa ungali mchanga, kwa haraka, kwa sababu mgonjwa anavunja vitu nyumbani, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Tofauti kati ya bei hizo mbili ni gharama ya maradhi ya akili, ingawa hakuna fomu ya hospitali inayoiuliza.

Baada ya miti kuuzwa ndipo safari ya hospitali inapoanza, na kwa wengi safari hiyo huishia Mirembe, Dodoma, hospitali iliyoanza mwaka 1927. Ni zaidi ya kilomita 400. Ndugu wawili wanamsindikiza, na kwa siku hizo wote hawazalishi. Kijana anapata nafuu, anarudi na dawa za mwezi. Kwa sera, mgonjwa wa akili ni miongoni mwa wanaosamehewa malipo katika vituo vya serikali. Lakini dawa zisipokuwepo kwenye zahanati ya kijiji, familia inaandikiwa cheti ikanunue dukani mjini. Isipoweza, ugonjwa unarudi, na mzunguko unaanza upya huku mali ikiwa imekwisha. Katika muda wote huo mama yake hakulima sawasawa hata msimu mmoja.

Ulevi na maradhi ya akili haviwezi kutenganishwa katika hesabu hii, kwa sababu kimoja huzaa kingine. Mwenye sonona hunywa ili apate usingizi, na pombe inaizidisha sonona. Ikumbukwe pia historia ya mkoa huu. Watoto walioachwa yatima na UKIMWI huko Makete na Njombe katika miaka ya 1990 na 2000 leo ni watu wazima wenye familia. Walipewa sare za shule na magodoro, nao msaada huo uliwafaa. Msaada wa kuukabili msiba wenyewe, wengi wao hawakuupata.

Sheria nayo inaongeza gharama. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaifanya kosa la jinai hatua ya mtu kujaribu kujiua. Familia iliyomwokoa ndugu yake inaogopa kueleza hospitalini kilichotokea, na hivyo anatibiwa sumu aliyokunywa na kurudishwa nyumbani na maumivu yaleyale. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha aina hiyo ni kinyume cha katiba. Tanzania nayo ina kila sababu ya kulitafakari hili.

Pombe nayo ni kipato

Mchambuzi mwaminifu hawezi kuruka hoja ya upande wa pili. Ulanzi na komoni vimesomesha watoto. Mwanamke asiye na shamba kubwa hupata mtaji wa haraka kwa kupika komoni kuliko kwa biashara nyingine yoyote ya kijijini. Mwenye kichaka cha mianzi ana kipato bila mbolea. Halmashauri inatoza leseni, taifa linatoza ushuru wa bidhaa kwenye bia. Ulanzi pia ni sehemu ya harusi, matanga na kazi za ushirika. Kuutaja kama sumu tupu ni kutowaelewa watu wa Njombe.

Tofauti iko kwa anayepata na anayelipa. Mapato ya pombe yanaonekana, yana daftari, na yanamfikia muuzaji na mtoza ushuru. Hasara imetawanyika kwa watu wengi wasio na sauti. Kwa hiyo hata hasara ikiwa kubwa mara kadhaa kuliko mapato, mezani kwa mkurugenzi pombe itaonekana inaleta faida.

Historia inaonyesha pia kikomo cha kupiga marufuku. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuwa pombe za viroba zingekoma tarehe 1 Machi mwaka huo, na viroba vilitoweka madukani. Gongo, kwa upande wake, limebanwa na sheria yake tangu 1966, na mpaka leo linapikwa. Kiroba kilitoka kiwandani, kikapita kwa msambazaji na kwenye rafu ya duka, na kila hatua ilikuwa na mlango wa kufunga. Gongo linapikwa porini kwa pipa na mpira. Ulanzi unatoka kwenye mwanzi nyuma ya nyumba. Anayefikiria kuukomesha kwa amri atawapeleka akina mama polisi kila wiki na hatapunguza hata mbeta moja.

Kilichokwisha kufanya kazi

Hatuanzi patupu. Miaka ya 1980, Tanzania kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani na Denmark iliendesha mpango katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro wa kushusha huduma ya akili hadi kwenye zahanati, ikitumia wauguzi na waganga wasaidizi waliopewa mafunzo. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini, na watu waliokuwa wakiibia ndugu zao walirudi kazini. Tatizo la Njombe ni pombe zaidi kuliko heroini, lakini funzo ni lilelile: aliyetibiwa huzalisha, aliyefungwa hulishwa.

Zimbabwe imetupa mfano unaofaa zaidi kijijini. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa Mbare, Harare, kusikiliza na kushauri watu wenye sonona wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, uliohusisha nchi 36, ulikadiria kuwa kila dola moja inayowekezwa katika kutibu sonona na wasiwasi inarudisha dola nne za afya na kazi.

La kufanya

Njombe ina halmashauri sita na, kwa sensa ya 2022, watu wasiofika 900,000. Ni mkoa unaoweza kufanya jambo hili vizuri. Kila kituo cha afya kiwe na angalau muuguzi mmoja aliyefundishwa kutambua na kutibu maradhi ya akili ya kawaida, na kifafa, ambacho vijijini hutibiwa kwenye kliniki hiyohiyo. Dawa za msingi ni chache na nyingi zake ni za bei nafuu: phenobarbital, haloperidol, amitriptyline, na sindano ya mwezi ya fluphenazine. Zisikosekane. Shamba moja la misindano lililookolewa lisiuzwe kabla ya wakati linalipa dawa hizo kwa miaka.

Kliniki za VVU zimuulize kila mgonjwa kuhusu pombe, bila kumkemea, na ziwe na mtu wa kumsaidia anayejibu ndiyo. Sheria ya Vileo ya 1968 inatambua saa za kufungua na kufunga vilabu. Saa hizo zisimamiwe Desemba hadi Aprili kwa uzito uleule unaotumika kusimamia ruzuku ya mbolea, na mtoto asiuziwe wala asinyweshwe. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iwafikie wapika komoni wanaotaka biashara nyingine. Fungu la wenye ulemavu liwafikie pia waliopata nafuu ya maradhi ya akili, kwa kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawatambua.

Zaidi ya yote, hasara ihesabiwe. Taarifa ya mwaka ya halmashauri inayoonyesha mapato ya leseni za vileo ionyeshe, kwenye ukurasa uleule, siku za kulazwa, ajali, dozi zilizorukwa na wagonjwa waliopelekwa Dodoma. Diwani akiziona namba hizo pamoja hatauliza tena kama mkoa unaweza kumudu huduma ya akili. Ataona kuwa mkoa unalipa tayari, na kwamba anayelipishwa ni yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.